Vipimajoto viwili, majibu mawili: kipi kinasema kweli?

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Natengeneza yogati hapa Lanet, Nakuru, nauzia maduka ya mtaani. Napasha maziwa hadi digrii 85, nashikilia hapo nusu saa, kisha napoza hadi 43 ndipo natia mbegu ya kuchachusha. Nina vipimajoto viwili vya dijitali, vile vya sindano vya bei ya chini. Majuzi nilivitia pamoja kwenye maji yanayochemka. Kimoja kikasoma 93.8, kingine 98.1. Nikaona hiki cha pili ndicho kizuri kwa sababu kinakaribia 100, kile kingine nikampa mtoto achezee. Lakini yogati yangu haitulii: leo inashika vizuri, kesho ni majimaji. Je, nilichagua vizuri? Na nivipeleke KEBS, shirika la viwango la Kenya, vikapimwe? – Mama Yogati, Lanet

JIBU: Mama Yogati, kabla ya lolote mnyang'anye mtoto kile kipimajoto. Kwa dalili ulizonipa ndicho kizima, na hiki unachokiamini ndicho kinachokupoteza.

Ile digrii 100 tuliyokaririshwa shuleni ni ya usawa wa bahari. Ukiwa Mombasa, sawa. Lakini maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kushinda mgandamizo wa hewa iliyo juu yake, na kadiri unavyopanda mlima hewa hiyo hupungua. Kwa kila mita 300 hivi unazopanda, maji huchemka digrii moja chini. Nakuru mjini tuko takriban mita 1,850. Gawanya kwa 300 upate 6 na ushei, kwa hiyo maji yetu huchemka karibu 94. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, ni karibu 96. Molo, karibu mita 2,500, huchemka karibu 92, na hapo ndipo utajua kwa nini maharagwe ya Molo yanamaliza makaa kuliko ya Kisumu. Hata ukiongeza moto chini ya sufuria, maji hayapandi joto zaidi ya hapo. Yanakauka haraka tu.

Basi kipimajoto kinachosoma 98 kwenye maji yanayochemka Lanet kimezidisha digrii 4. Kilichosoma 93.8 kimelenga ndipo.

Wengine wataniambia mgandamizo wa hewa hubadilika kila siku, kwa hiyo jaribio la maji ya moto halina maana. Huko Ulaya, dhoruba zinapopita, wana haki ya kusema hivyo. Kwetu karibu na ikweta, badiliko la kutoka asubuhi hadi jioni ni dogo mno, husogeza kiwango cha kuchemka kwa sehemu ya kumi ya digrii hivi. Kwa kazi ya yogati, lisahau.

Ila jaribio moja halitoshi. Kipimajoto kinaweza kuwa sawa kwenye moto na kikadanganya kwenye baridi. Fanya la barafu, ambalo halijali uko Molo au Mombasa: barafu inayoyeyuka ni digrii 0 kote. Wengi hulikosea hapa. Wanatia vipande vinne vya barafu kwenye glasi ya maji, wanachovya sindano, wanasoma 3, wanalaumu kifaa. Hayo ni maji baridi, hayajafika sifuri. Unachotaka ni barafu iliyopondwa ijae kikombe hadi mdomoni, halafu umimine maji baridi kidogo, ya kujaza tu mianya kati ya chembe. Barafu ikianza kuelea huku chini kuna maji matupu, maji yamezidi, yamwage. Chomeka sindano katikati, izame angalau sentimita 5, isiguse kikombe. Koroga taratibu, subiri dakika tatu, soma. Usitumie barafu ya muuza samaki, kwa sababu huenda ina chumvi, na chumvi hushusha joto chini ya sifuri. Madini ya floridi yaliyomo kwenye maji ya visima vya Nakuru, yanayotuharibia meno, ni machache mno kuweza kusogeza hesabu hii.

La maji ya moto nalo lirudie vizuri. Yachemke kwa nguvu kweli, si kutoa vipovu tu, na ncha isiguse chini ya sufuria, kwani chuma cha chini kina joto kuliko maji.

Majibu ya majaribio haya mawili ukiyaweka pamoja yatakuambia ugonjwa ni upi. Ndani ya ncha ya ile sindano kuna punje ndogo iitwayo themista, ambayo ukinzani wake wa umeme hupungua joto linapopanda. Aina iliyo ya kawaida sana ina omu (kipimo cha ukinzani) 10,000 kwenye digrii 25. Kwenye barafu inapita 30,000, na kwenye maji yetu ya moto inashuka hadi karibu 1,000. Sasa, sindano hizi hufa zaidi kwa maji yanayopenya pale chuma kinapoungana na plastiki ya mpini, hasa ukizizamisha zote wakati wa kuosha. Unyevu huo unaupa umeme njia ya pembeni, ukinzani unaonekana mdogo, na kifaa kinadhani kuna joto zaidi. Kwa kuwa kwenye baridi ukinzani halisi ni mkubwa, njia ya pembeni huleta madhara zaidi huko. Kwa hiyo kipimajoto kinachosoma 2 au 3 kwenye barafu lakini kiko sawa kwenye moto, kishuku unyevu. Kiweke mahali pakavu penye joto la kadiri siku kadhaa, ukijaribu tena. Kikizidisha kwa kiasi kilekile kote kuwili, una bahati, toa hicho kiasi kila unaposoma. Lakini kikiwa sawa kwenye barafu na kuzidisha 4 kwenye moto, kama ninavyoshuku hicho chako, basi punje na kompyuta yake ndogo hazikulinganishwa vizuri tangu kiwandani. Huna la kurekebisha hapo.

Tufanye kosa linakua sawasawa kutoka 0 hadi 94, ingawa katika vifaa hivi si lazima likue kwa mstari ulionyooka. Kikionyesha 85, maziwa yako yako karibu 81. Kikionyesha 43, yako karibu 41. Vijidudu vya hatari vimekwisha kufa kwenye 81 kwa nusu saa, hilo lisikunyime usingizi. Ila kile kiwango cha 85 hakikuwekwa kwa ajili ya vijidudu tu: joto hilo hubadilisha protini za majimaji ya maziwa ili zishikamane na kuipa yogati uzito. Ukikosa digrii 4 unapoteza sehemu ya uzito huo. Na kwenye 41 mbegu hufanya kazi, lakini polepole zaidi.

Anayepaswa kuogopa kabisa ni yule anayeuza maziwa freshi aliyoyapasha hadi 63 kwa nusu saa. Akitumia kifaa kama hicho chako, anapika kwenye 60 na kujipa moyo. Marekani kanuni ilikuwa digrii 61.7. Mwaka 1956 wakaipandisha hadi 62.8, kwa sababu iligundulika kwamba kijidudu cha homa ya Q, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, kinaweza kuponea pale pa chini. Tofauti ni digrii moja na kidogo.

Lakini, mama, nikuambie kitu ambacho hukuniuliza. Kipimajoto kinachokosea digrii 4 kila siku kitakupa yogati mbovu kila siku, kwa namna ileile. Wewe unasema leo nzuri, kesho majimaji. Ugeugeu huo hauletwi na kifaa cha namna hiyo peke yake. Mkono wako nao nina shaka nao. Unachomeka sindano wapi? Kwenye sufuria kubwa maziwa ya pembeni, ya katikati na ya juu hayana joto moja, hasa yakiwa yanapozwa kwenye karai la maji bila kukorogwa. Ukipima pembeni leo, na katikati kesho, umepima maziwa mawili tofauti. Koroga kutoka chini kwenda juu, chomeka katikati, ncha iwe mbali na chuma, na subiri namba itulie. Hizi za bei ya chini huchukua sekunde 15 hadi 30. Namba ikiwa bado inakimbia, huo haujawa usomaji. Hapo pakishatulia ndipo uanze kuilaumu mbegu.

Usidanganywe pia na ile tarakimu baada ya nukta. Skrini inaweza kuonyesha 43.2 na 43.3 kwa madaha wakati kifaa chenyewe, kwa maandishi ya karatasi yake, kinaruhusiwa kukosea digrii moja juu au chini, na mara nyingi ahadi hiyo ni ya masafa fulani tu, nje ya hapo kosa linaruhusiwa kuwa kubwa zaidi. Soma karatasi hiyo kabla ya kuitupa. Na vikitofautiana viwili, usichukue wastani. Wastani wa mkweli na mwongo unakupa uongo mdogo, basi.

Kwa ile 43 yako kuna njia nzuri ambayo wengi hawaifikirii: kipimajoto cha homa cha dijitali, kile cha kwapani, kutoka duka la dawa. Kilichotengenezwa kwa viwango kinatakiwa kisikosee zaidi ya sehemu ya kumi ya digrii kati ya 37 na 39, usahihi ambao sindano yako haiwezi kuota. Mimina maji ya karibu 39 kwenye thamosi, yakoroge, tia ncha zote mbili pamoja, na kifaa cha homa kikilia andika namba zote mbili papo hapo. Usingoje, kwa kuwa kifaa cha homa hushikilia namba ya juu kabisa iliyopita wakati maji yanaendelea kupoa. Usikitie kwenye barafu wala maji yanayochemka, hakipimi huko. Kwa joto la juu, omba shule ya sekondari iliyo karibu wakuazime kipimajoto cha kioo cha maabara, cha kuanzia chini ya 0 hadi 110, ulinganishe kwenye thamosi yenye maji ya 85.

Ile bunduki ya kupimia joto la paji la uso, iliyobaki madukani tangu mwaka 2020, usiielekeze kwenye maziwa. Inapima ngozi ya juu tu, mvuke unaizuga, na ukiilenga sufuria inayong'aa inasoma chini kuliko ukweli kwa digrii nyingi. Isitoshe, ikiwa kwenye hali ya kupima mwili inafanya hesabu yake ya kukisia joto la ndani ya mtu.

Kuhusu KEBS: wanayo maabara ya vipimo, na cheti chao kina uzito, lakini kukilipia cheti kifaa cha sindano cha bei ya chini si matumizi mazuri ya pesa. Ukikua hadi kuomba alama ya ubora, nunua kimoja kizuri, hicho ndicho upeleke kikapewe cheti, kikae kabatini kama kiongozi, na hivi vya kila siku uvilinganishe nacho. Kwa sasa chukua kile cha 93.8, kifanyie barafu, kibandike mkanda wenye tarehe na kosa ulilopata, na urudie kila mwezi au kila kinapoanguka. Hicho cha 98.1 kiondoe jikoni kabisa, maana kikibaki kwenye droo, siku moja msaidizi wako atakitumia bila kujua.