Mwaka Kogwa si moto peke yake

Swali lenu la wiki lilikuwa: "Sherehe gani ya kisiwani inafaa kusafiriwa mwezi wa Julai, na mgeni ajipange vipi?" Jibu ni Makunduchi, kusini mashariki mwa Unguja, kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi. Ila wageni wengi huenda kutazama kibanda kikiungua, nacho huteketea kwa dakika chache tu. Wakishapiga picha hao garini, na sherehe yenyewe ni ya siku nne.

Tarehe kwanza, maana hapo ndipo watu wanapokosea. Mwaka huu wa jadi, Nairuzi, hufuata hesabu ya jua ya siku 365 zinazohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, na hauna siku ya nyongeza kila mwaka wa nne. Ukiupima kwa kalenda ya ukutani, unarudi nyuma siku moja kila miaka minne, kiasi cha siku 24 au 25 kwa karne. Katikati ya karne ya 19 uliangukia mwishoni mwa Agosti. Basi tarehe iliyoandikwa kwenye kitabu cha zamani cha utalii isikudanganye; uliza Makunduchi kwenyewe kabla hujakata tiketi ya boti.

Kutoka mjini kuna daladala namba 310. Ondoka asubuhi mapema. Kwenda si taabu, taabu ni kurudi jioni, watu wote wanapotaka gari kwa mpigo mmoja. Panga usafiri mapema au tafuta pa kulala huko huko au Jambiani.

Uwanjani, wanaume wa pande mbili za mji, kusini na kaskazini, hupigana kwa magomba ili vinyongo vya mwaka uliopita viishe. Gomba bichi ni tabaka juu ya tabaka, zote zimejaa maji: likimpata mtu hupasuka na kurusha maji, kishindo kikubwa, maumivu kidogo. Zamani walitumia fimbo, na tofauti yake haihitaji kuelezwa. Mtazamaji ana hasara ya aina nyingine: utomvu wa mgomba ukishika nguo hugeuka kahawia na hautoki kwa sabuni, kwa hiyo kanzu nyeupe iache nyumbani. Usisimame mstari wa mbele na mtoto mkononi pia, kwa sababu wapiganaji hukimbizana hadi katikati ya watu bila kupiga hodi.

Kibanda ni cha makuti makavu. Mtu huingia ndani, kinatiwa moto, naye hutoka mbio. Wenyeji hutazama moshi umeelekea wapi, wakasoma humo bahati ya mwaka unaoingia. Mgeni naye autazame kwa sababu yake: Julai ni msimu wa kusi, upepo wa kusini, na Makunduchi upepo huo unatoka moja kwa moja baharini. Simama upande wa kusini wa kibanda. Wanaosimama kaskazini ndio wanaoishia kukohoa, na picha zao zote ni za moshi.

Wakati huo wanawake wanazunguka wakiimba, wamevaa nguo zao bora, na nyimbo nyingi ni za kejeli. Kwangu hii ndiyo sehemu tamu kuliko moto, ila ina masharti: omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ukikataliwa, simu irudi mfukoni. Mabega na magoti yafunikwe, mume kwa mke.

Baada ya hapo ni chakula, na huku "mgeni njoo, mwenyeji apone" huchukuliwa kwa uzito wake, kwani inaaminika kukosa mgeni siku ya Mwaka ni nuksi. Ukikaribishwa, kaa ule. Kilo mbili za sukari zikiachwa kwa mama mwenye nyumba zinapokelewa vizuri kuliko noti inayotolewa mbele za watu. Anayetaka kuoga baharini aulize kwanza maji yanajaa saa ngapi; yakitoka, pwani hiyo utatembea mbali juu ya mawe na mwani, na maji yenyewe bado hayajafika magotini.