Kwa mwalimu mpya wa Kiingereza: "it" inayopotea na "it" inayozidi

Mwalimu, ikiwa umetumwa karibuni kufundisha Kiingereza huku upande wa Kisumu, utakapofika kwenye sentensi kama "keep it clean" usianze na orodha ya vitenzi. Orodha inavutia, najua: make, keep, find, leave, paint. Wanafunzi watainakili, watakariri, kisha kwenye insha wataandika "I found difficult to answer". Vivumishi wanavijua. Kinachowashinda ni kile kiwakilishi kidogo cha katikati.

Chanzo ni lugha wanazokuja nazo. Kwa Kiswahili mtendwa, yaani yule au kile kinachotendewa, huingia ndani ya kitenzi: nimeuacha wazi, wametuacha hoi, nimeiona ngumu. Kiingereza humtoa nje na kumweka peke yake, baada ya kitenzi na kabla ya kivumishi: "I left it open", "they left us exhausted". Hapo mtoto hukosea kwa njia mbili zinazopingana. Mara hamwandiki kabisa, kwa sababu kwenye "niliona vigumu kujibu" hakuna mtendwa aliyejificha wa kutolewa. Kiingereza hakikubali nafasi hiyo ibaki tupu, lazima "I found it difficult to answer", ingawa hiyo "it" haimaanishi kitu chochote cha kushikika.

Mara nyingine humrudisha mahali asipotakiwa: "the question which I found it hard". Hili ndilo la kukaa nalo. Usimwambie tu kwamba "it" imezidi, ukaikata kwa kalamu nyekundu ukaendelea. Andika ubaoni "swali nililoliona gumu". Mwulize kuna "-li-" ngapi kabla ya "ona". Ya kwanza ni ya wakati, ya pili ni ya swali lenyewe, na hiyo ya pili ndiyo iliyomponyoka akaiandika "it". Chini yake andika "the question which I found hard", kisha mwonyeshe kwamba "which" imeshaifanya kazi hiyo. Darasa likiona hivyo, huwa wanaanza kusahihishana wenyewe, na ninapenda zaidi kelele hizo kuliko ukimya wa kunakili.

Mpangilio wenyewe ufundishe kwa mikono. Mpe mmoja dasta, mwingine mtume mlangoni: "Wipe it clean. Push it open. Leave it open." Mwerevu mmoja atakuuliza mbona amesoma mahali "He pushed open the door". Amesoma sawa. Mlango ukitajwa kwa jina, "open" inaweza kutangulia. Ukishakuwa "it", "pushed open it" haipo. Mjibu hivyo na uishie hapo.

Kisha ingia kwenye samaki, maana huku hukosi mifano. "They sell it fresh" na "they fry it crisp" zinafanana kwa umbo, lakini uliza darasa: huo ubichi wa samaki umeletwa na kuuza? Hapana, alitoka ziwani hivyo, muuzaji wa ufuo wa Dunga hakumwongezea kitu. Na ukavu wa kuvunjika mdomoni, umeletwa na nini? Na kukaanga. Kivumishi kimoja kinaeleza hali iliyokuwepo wakati tendo linafanyika, kingine kinaeleza matokeo ya tendo. Aina ya tatu ni ya maoni: "we find it tasty". Samaki habadiliki hata kidogo, anayezungumzwa kwa kweli ni mlaji.

Shida nyingine inatoka kwenye "vizuri". Kiswahili hutumia umbo hilo kwa kivumishi na kwa kielezi, kiasi kwamba "ninaviona vizuri" inaweza kusifu vitabu au kusifu macho yako. Kwa hiyo usishangae ukipata "keep them cleanly". Jozi ninayoiamini ni hii: "I found it easy" ukizungumzia mtihani, "I found it easily" ukizungumzia ofisi uliyoelekezwa mjini. Swali la kuwauliza: kipi kilikuwa rahisi, kitu chenyewe au kule kukipata?

Mengine hayahitaji kipindi kizima. "Made me to be happy" utaisikia hata nje ya darasa. Ni "made me happy". Waonye pia kwamba ile "to" hurudi kwenye kauli ya kutendwa pale kitenzi kinapofuata: "she made us wait", lakini "we were made to wait". "Drive" huenda na mad au crazy, haiendi na happy. "Regard" hudai "as". Na mtoto akiandika "I found him sick" akimaanisha mama yake, muundo ameupata. Kiswahili hakitenganishi mume na mke kwenye "nilimkuta", Dholuo, lugha ya Wajaluo, haitenganishi, wala lugha za Waluhya. Sahihisha "him" iwe "her", lakini alama za muundo mpe.

Haya yote hulipa kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya. Karatasi ya pili ya Kiingereza ina alama 15 za sarufi, na ya kwanza ina kile kifungu cha kujaza nafasi, chenye alama 10. Tunga chako mwenyewe juu ya mafuriko ya mto Nyando: "The floods made ___ impossible to reach Ahero." Utapata "them", utapata "very", na wachache wataandika "the road", ilhali kila nafasi inataka neno moja.