Barua kwa mwanangu: kengele ya kamera kwa geti la shangazi

Dodoma, Jumapili jioni

Mwanangu Neema,

Mbukwa. Huku sote wazima, ila upepo wa kiangazi umeshaanza na vumbi halikai chini. Ujumbe wako nimeupata. Unasema unataka kumpa shangazi yako kengele ya mlango yenye kamera kwa ajili ya nyumba yake mpya ya Nkuhungu, na umeuliza mambo mawili: ya betri au ya waya, na kama ya 2K, yenye picha kali zaidi, inastahili kuongezewa hela kuliko ya 1080p. Yote nitayajibu. Lakini zawadi hii itafanya kazi au itashindwa kutegemea nguzo ya geti, ruta (kile kifaa kinachotoa waifai nyumbani), na simu ya shangazi, kwa hiyo naanza na hayo.

Kengele hizi zimebuniwa kwa nyumba ambazo mlango wa sebule unatazama barabara, na ruta iko hatua chache nyuma yake. Kwa shangazi mgeni hafiki mlangoni. Anasimama nje ya geti, na kutoka hapo hadi sebuleni ni kama mita 18, katikati kuna ukuta wa tofali za saruji na geti la bati nzito. Basi kengele itakaa kwenye nguzo ya geti, upande wa nje. Fundi asiifunge kwenye geti lenyewe: chuma huzuia mawimbi ya waifai, huchemka juani, na kila geti likibamizwa skrubu zinalegea.

Kabla hujalipa hata shilingi, mwombe binamu yako Amani afanye kipimo kimoja. Aweke kwenye simu programu yoyote ya kupima nguvu ya waifai, aunganishe simu na ruta ya nyumbani, afunge geti, kisha asimame nje kando ya nguzo, simu ikiwa usawa wa kifua. Ruta ikitoa majina mawili ya mtandao, achague la 2.4 GHz, kwa sababu la 5 GHz lina kasi lakini linachoka haraka likikutana na kuta, na kengele nyingi za betri hazilipokei kabisa. Programu itampa namba hasi. Ikiwa -50 mambo ni mazuri sana, -65 inatosha, na ikifika -75 tegemea picha inayoganda na sauti inayokatika. Akumbuke kwamba kengele nyingi zina antena dhaifu kuliko simu, hivyo -68 ya simu usiihesabu kuwa ushindi. Hapo hapo apime na kasi ya kupandisha data. Ya kushusha haina maana sana hapa, kwani kamera kazi yake ni kupeleka picha juu. Kwa 1080p inahitajika angalau Mbps 2 (megabiti kwa sekunde) za kupandisha, zisizoyumba.

Kipimo kikiwa kibaya, ruta ihamishiwe kwenye dirisha linalotazama geti, au iongezwe ripita, kifaa kinachopokea waifai na kuirusha tena, barazani, katikati ya safari. Ripita isiwekwe getini kwenyewe, maana itapokea mawimbi yaleyale dhaifu na kuyarudia.

Sasa betri au waya. Kwa nyumba ya shangazi, ambayo imeshapigwa lipu na kupakwa rangi, mimi nachagua betri, kwa sharti kwamba betri inachomoka. Zipo ambazo betri imefungiwa ndani, na kila ikiisha lazima uifungue kengele yote ukutani na kuiingiza ndani kuchaji kwa saa kadhaa, na wakati huo geti halina kengele. Ya kuchomoka unanunua na betri ya pili: moja inafanya kazi, nyingine iko kwenye chaji. Miezi 3 hadi 6 inayoandikwa kwenye boksi usiitegemee sana. Hesabu hiyo ni ya mlango unaopitiwa na watu wachache kwa siku. Geti linalotazama njia ya bodaboda, wanafunzi na mbuzi wa jirani litaiamsha kamera mara nyingi, na mawimbi dhaifu huilazimisha itumie nguvu zaidi kutuma picha ileile. Dawa yake iko kwenye mipangilio: chora eneo la kuangalia liishie mita 2 au 3 mbele ya geti, na barabara ibaki nje ya mchoro.

Ukitaka kuongeza paneli ndogo ya jua, jua la Dodoma linatosha, lakini isisimamishwe wima ukutani. Mji huu uko kama nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, jua la mchana linakaa karibu na utosi, na paneli iliyosimama hupata mwanga kidogo. Ilale juu ya nguzo ikiinama kidogo, nyuzi 10 hivi kuelekea kaskazini, na ifutwe vumbi kila wiki wakati wa kiangazi.

Ya waya ni nzuri kama mtaro unachimbwa kwa kazi nyingine. Hapo kuwa makini na lebo. Nyingi zinazotoka Marekani zinataka transfoma ya volti 16 hadi 24, nyingine zinataka volti 12 za mkondo mnyoofu (DC). Umeme wetu ni volti 230, na kengele za kawaida za hapa mara nyingi zinafungwa moja kwa moja kwenye 230. Fundi akiziunganisha waya hizo kwenye kamera, itaungua papo hapo na hakuna dhamana itakayoilipa. Kosa la pili ni waya mwembamba. Kwa umbali wa mita 20, waya wa shaba wa milimita za mraba 0.2 una ukinzani wa karibu omu 3.5 kwenda na kurudi. Mchana kamera inaonekana nzima. Usiku taa zake za infraredi, zile za kuonea gizani, zikiwaka, mkondo ukifika nusu ampea, unapoteza volti 1.75 njiani, na kifaa cha volti 12 kinabaki na 10 na ushee, kinazima na kuwaka usiku kucha. Watu husema kamera ni mbovu, kumbe ni waya. Tumia wa 0.5 au zaidi, ndani ya bomba la plastiki la milimita 20, mbali na waya za 230. Na kama mtaro upo kweli, afadhali upitishe kebo ya mtandao na kununua kengele inayopokea umeme na data kwa kebo hiyo hiyo moja, yaani PoE. Hiyo inafika hadi mita 100 na inamaliza tatizo la waifai kabisa.

Umeme ukikatika je? Kengele ya betri itaendelea kuwa hai lakini ruta imekufa, kwa hiyo simu haitapata habari. Ongeza kwenye zawadi betri ndogo ya akiba ya ruta. Amani asome nyuma ya chaja ya ruta: kama imeandikwa 12 V na 1 A, akiba iwe ya volti 12 na ampea isiyopungua hiyo. Ukichomeka ya volti 12 kwenye ruta ya volti 9 unaweza kuiunguza.

Jambo ambalo wanunuzi wa zawadi husahau ni mlio wa ndani. Kengele nyingi zinauzwa kifaa cha getini peke yake, na mlio unategemea simu. Simu ya shangazi ikiwa chumbani kwenye chaji, yeye yuko jikoni uani, mgeni ataondoka. Nunua seti yenye kengele ya ndani, ya kuchomeka kwenye soketi. Angalia iwe ya volti 100 hadi 240 na plagi yake iwe ya pini tatu kama zetu. Zile za Marekani zina pini mbili bapa, na baadhi ni za volti 120 tu.

Picha inahifadhiwa wapi? Hapa ndipo bei ya chini inapogeuka kuwa bili. Kengele za kampuni ya Ring, kwa mfano, bila malipo ya kila mwezi zinakupa taarifa na kuangalia moja kwa moja, lakini hazirekodi. Usimpe shangazi zawadi inayomdai dola kila mwezi kwa kadi ya benki. Kampuni za Eufy na Reolink zina aina zinazohifadhi kwenye memori kadi au kwenye kifaa kilichoko ndani ya nyumba. Penda hii ya ndani ya nyumba, maana mwizi aking'oa kengele yenye kadi ndani yake, amebeba na ushahidi. Kadi ya GB 32 inatosha sana: picha ya Mbps 2 ni MB 15 kwa dakika, na matukio 20 ya nusu dakika kwa siku ni MB 150 tu. Hesabu hiyo uifanye na kwa bando. Kama nyumba inatumia laini ya simu badala ya faiba, na picha zinapanda mtandaoni, ni kama GB 4.5 kwa mwezi. Mtu akiacha kamera wazi kuangalia moja kwa moja saa nzima, karibu GB 1 imeondoka.

Kuhusu 2K: tofauti ipo, lakini ni ndogo kuliko tofauti ya umbo la picha. Picha pana na fupi hukata miguu, na mzigo ulioachwa chini ya nguzo hauonekani. Tafuta inayoonyesha mtu kutoka kichwani hadi miguuni. 1080p ya umbo hilo naipenda kuliko 2K iliyo pana, hasa pale kasi ya kupandisha data ni ndogo. Halafu soma alama ya IP, inayoonyesha kifaa kinavyojikinga. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. Kwa hapa chukua IP65. Ikiandikwa IPX4, ile X maana yake haikutolewa alama ya vumbi, na Dodoma vumbi ndilo adui kabla ya mvua.

Muulize Amani geti linatazama wapi. Likitazama magharibi, kuanzia saa kumi alasiri jua litaingia kwenye lenzi na uso wa mgeni utakuwa kivuli cheusi. Fundi atumie kabari ya kuigeuza pembeni, na aweke kikofia juu yake. Ukuta unaopigwa na jua unaweza kuchoma betri pia, kwani betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa juu ya nyuzi joto 45. Kimo kiwe mita 1.2 kutoka chini. Toboa kwa biti ya ukuta ya milimita 6, weka fisha, kaza skrubu kwa bisibisi ya mkono, maana drili hupasua plastiki. Lenzi ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu. Kikavu kinasugua mchanga juu ya kioo. Utando wa buibui nao uondolewe, maana usiku unang'aa mbele ya infraredi na picha nzima inakuwa nyeupe.

Nunua mpya, isiyofunguliwa. Iliyotumika mara nyingi bado imefungwa kwenye akaunti ya mwenye nayo wa kwanza, na kubonyeza kitufe cha kuirudisha upya hakuiondoi huko. Yeye mwenyewe ndiye anayeiondoa. Hakikisha pia programu yake inapatikana kwenye Play Store hapa Tanzania na inakubali toleo la Android la simu ya shangazi. Akaunti iwe ya shangazi, kwa barua pepe yake na nywila yake. Wewe na Amani mualikwe kama wageni wa akaunti hiyo. Najua ungependa kuifungua kwa jina lako kwa urahisi, lakini hapo utakuwa unaangalia geti la mtu mzima ukiwa Mwanza, naye hana uwezo wa kukutoa. Washa na uthibitisho wa hatua mbili. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliibana Ring kwa sababu wafanyakazi wake waliweza kuangalia video za wateja, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Ndiyo maana nasisitiza picha zikae nyumbani.

Majirani nao. Mchoro wa kamera usiguse geti la jirani wa mbele, na kurekodi sauti kuzimwe kama inawezekana. Mwaka 2021 mahakama ya Oxford, Uingereza, ilimpa haki jirani aliyelalamikia kamera za namna hii, na jaji aliona sauti iliyonaswa kutoka mbali ni tatizo zito kuliko picha. Sisi nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Shangazi aende kwa jirani amwonyeshe kwenye simu kinachoonekana, na binti wa kazi aambiwe.

Kila kitu kiunganishwe mezani kwanza: betri ijae, programu isasishwe, saa iwekwe ya Afrika Mashariki, kengele ya ndani ilie. Kwenye simu ya shangazi, programu hiyo itolewe kwenye orodha ya kuokoa chaji, maana simu nyingi za Android huizima kimyakimya na arifa haziji. Kisha ibandikwe karatasi ngumu chini ya kitufe, "Bonyeza hapa", kwa sababu wageni wetu watapiga hodi na kugonga bati kama kawaida.

Iwapo kipimo cha waifai kitakataa kabisa, niambie. Ipo intakomu ya video ya waya, yenye kioo cha inchi 7 sebuleni, haihitaji intaneti wala simu, na shangazi ataizoea siku moja. Amani anitumie ile namba ya waifai aliyoipima getini, picha ya nguzo, picha ya lebo ya chaja ya ruta na upande linakotazama geti. Zikifika nitakuandikia vya kununua kimoja kimoja, uvibebe ukija Krismasi.

Msalimie mkwe wangu na watoto.

Baba yako