Jibu: Umbali na muda wa ndege, Kigoma hadi Mtwara

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini kikokotoo kinakupa saa mbili na nusu kutoka Kigoma hadi Mtwara, ilhali tiketi inaonyesha karibu siku nzima. Kikokotoo hupima mstari ulionyooka, takriban kilomita 1,300, lakini abiria wa kawaida hupitia Dar es Salaam, yaani kilomita 1,080 hivi, kisha 400 nyingine kuelekea kusini. Angani ni saa tatu na ushee tu. Kinachokula siku ni kusubiri. Mimi huanza kwa kuangalia ndege ya Dar kwenda Mtwara inaondoka saa ngapi, ndipo nichague ya Kigoma. Ukikata tiketi mbili tofauti, nakusihi ulale Dar, kwani ya kwanza ikichelewa, ya pili haitakusubiri.