Kumpokea Mwanafunzi Anayeanza Kupiga Kasia: Ushauri kwa Walimu wa Kando ya Ziwa

Walimu wenzangu wa shule za sekondari zilizo kando ya Ziwa Victoria huniuliza mara kwa mara namna ya kuanzisha timu ya wapiga kasia, na karibu wote huanza kwa swali lilelile: tuwachague vijana gani wenye nguvu? Baada ya kuwafundisha wanafunzi mchezo huu kwa miaka mingi katika Ghuba ya Mwanza, ninaamini kwamba swali hilo linapaswa kuja mwisho kabisa. Kijana mwenye misuli asiyekwenda sawa na wenzake huyumbisha chombo kizima, na nguvu zake zinageuka kuwa mzigo ambao wengine wanalazimika kuubeba. Kazi kubwa ya mwalimu katika miezi ya mwanzo ni kuwafanya watu kumi waingize makasia majini kwa wakati mmoja na kuyatoa kwa wakati mmoja, na kazi hiyo inahitaji subira zaidi kuliko kifua kipana.

Hata hivyo, kabla ya kasia kuna maji. Si kila mtoto anayesoma Mwanza anajua kuogelea. Watoto wa Igombe au wa visiwa vya Ukerewe mara nyingi wamejifunza wangali wadogo, lakini madarasa yetu yana wanafunzi wengi waliotoka Kwimba au Shinyanga, ambao wameliona ziwa wakiwa kidato cha kwanza. Mimi simpandishi mtumbwini mwanafunzi ambaye hawezi kuogelea mita 50 akiwa amevaa nguo za mazoezi, kisha akaelea kwa dakika 5 bila kushika kitu. Asiyeweza hafukuzwi, anafundishwa kwanza kuogelea, na wakati huo huo anashiriki mazoezi ya nchi kavu pamoja na wenzake ili asijione ametengwa. Hata wale wanaoogelea vizuri wanavaa jaketi okozi lililofungwa kamba zote tangu wanapokanyaga mtumbwi hadi wanaposhuka, na mwalimu naye analivaa, kwa kuwa vijana hufuata wanachokiona kuliko wanachoambiwa.

Mzazi anayesita kutia saini fomu ya ruhusa ana sababu ya kusita. Katika Kanda ya Ziwa tunaikumbuka MV Bukoba iliyozama Mei 1996, na tunaikumbuka MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara Septemba 2018, na kuna familia nyingi ambazo kwao matukio hayo si habari za gazetini. Usimbeze mzazi wa namna hiyo, wala usimjibu kwa haraka. Mwalike aje ufukweni Jumamosi asubuhi, aone majaketi, aone boti ya injini inayofuata nyuma ya wanafunzi, na aone zoezi la kupinduka.

Zoezi hilo ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Kila mwanafunzi ana namba yake kuanzia omo, yaani mbele ya mtumbwi, hadi tezi, yaani nyuma. Siku ya maji tulivu, mahali penye kina cha kifuani, tunaupindua mtumbwi kwa makusudi. Kila mmoja anashika ubavu wa mtumbwi, kisha namba zinatajwa kwa sauti: moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Namba ikikosekana, wote wanajua papo hapo nani hayupo na alikuwa amekaa wapi. Baada ya hapo linafuata agizo ambalo halina mjadala, kwamba hakuna anayeuacha mtumbwi na kuogelea kuelekea nchi kavu, hata kama pwani inaonekana karibu. Mtumbwi wa mbao huendelea kuelea hata ukijaa maji, na watu kumi walioushika pamoja huonekana kwa urahisi zaidi kuliko kichwa kimoja kati ya mawimbi.

Lipo jambo jingine la maji ambalo vijana hulichukulia kirahisi, nalo ni kichocho. Konokono wanaobeba vimelea vyake hupenda maji yaliyotulia ya pembezoni, hasa penye majani, na vimelea hivyo hupenya kwenye ngozi ya mtu aliyesimama majini kwa dakika chache tu. Huwa vingi majini jua linapokuwa limepanda. Kwa hiyo tafuta mahali pa kupandia ambapo wanafunzi hawalazimiki kusimama kwenye matete, kama vile gati au mwamba unaoingia moja kwa moja kwenye kina. Fanya mazoezi mapema. Hakikisha kila mmoja ana taulo la kujikausha mara anapotoka majini. Juu ya hayo yote, panga na kituo cha afya ili timu ipimwe na kupewa prazikwanteli kila mwaka. Dawa hiyo huua minyoo iliyokwisha kukomaa, wala haikingi maambukizi mapya, na ndiyo sababu mtaalamu wa afya huweza kumwambia mwanafunzi aliyeingia majini juzi asubiri wiki kadhaa kabla ya kuimeza. Zoezi la kupinduka tunalifanyia mbali na majani, alfajiri, kwa sababu hizo hizo.

Kuhusu muda na mahali, asubuhi ndiyo rafiki wa anayeanza. Kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 2 na nusu, ghuba mara nyingi huwa shwari. Mchana upepo wa ziwani huamka na kuleta mawimbi mafupi ambayo humvunja moyo mtu ambaye bado hajui kulisimamisha kasia. Soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kila mara, lakini waulize pia wavuvi wanaorudi na dagaa alfajiri, kwa kuwa wao wameliona ziwa usiku kucha, na ndio wanaojua kama kiboko au mamba ameonekana upande ule wiki hiyo. Kaa mbali na njia ya vivuko vya Kamanga. Ngurumo ya kwanza ikisikika, timu inatoka majini bila kujadiliana, na hairudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Sasa tuje kwenye kasia lenyewe. Mafundisho ya kwanza ninayatoa darasani, wanafunzi wakiwa wamekaa kwenye mabenchi wawili wawili kama watakavyokaa mtumbwini, kila mmoja na kasia lake. Kasia lisiwe refu kuliko mwenye nalo anavyolimudu. Likisimamishwa chini, ncha ya mpini ifike kati ya kwapa na kidevu. Mwanafunzi anayeanza huamini kwamba kasia huvutwa kwa mikono, na imani hiyo lazima aiache mapema, la sivyo atachoka kabla ya kufika popote. Mpigo mzuri huanzia kiunoni. Mpiga kasia anageuza kiwiliwili, bega la upande wa kasia linakwenda mbele, mkono wa chini unanyooka, na bapa, yaani sehemu pana ya kasia, linaingia majini likiwa limesimama wima na kuzama lote kabla ya kuanza kuvuta. Kisha kiwiliwili kinarudi, miguu ikiwa imekanyaga kwa nguvu sakafu ya mtumbwi, na mkono wa juu unasukuma mpini bila kushuka chini ya kifua. Bapa likifika usawa wa nyonga, linatolewa.

Hapo kwenye nyonga ndipo wengi huharibu. Mwanafunzi mwenye bidii hutaka kuvuta mpaka nyuma kabisa, akidhani kwamba anaongeza kazi, kumbe bapa likipita nyonga linaanza kunyanyua maji badala ya kuyasukuma, na kila anavyoyanyanyua ndivyo anavyoizamisha tezi na kuupunguzia mtumbwi mwendo. Simama ufukweni utazame upande wa nyuma wa chombo: ukiona maji yanarushwa juu kwa matone makubwa, kuna mtu anavuta mbali mno. Mpigo safi huacha nyuma yake kizingia kidogo cha maji kinachozunguka, bila kelele.

Jambo la pili ni macho. Anayeanza hulitazama kasia lake. Mkataze kwa upole, tena na tena, umwelekeze atazame bega la aliye mbele yake. Bega likianza kugeuka, naye anageuka, likisimama, anasimama. Wawili walio mbele kabisa ndio wanaoweka mwendo kwa ajili ya wote, na nahodha aliye tezini hushika usukani na kuita. Ninaanza na sehemu ya timu tu: wanne wa mbele wanapiga, waliobaki wamelaza makasia juu ya maji ili mtumbwi usiyumbe. Wakishaelewana, ninaongeza wawili, kisha wawili wengine, na mara tu mwendo unapovurugika, ninarudisha idadi nyuma. Zoezi hili linachosha kulitazama, na vijana watalalamika kwamba wamekuja kushindana, wala hawakuja kukaa. Usiwasikilize.

Nyimbo husaidia sana, na hapa tuna utajiri ambao wengine hawana, kwa sababu nyumbani kwetu kazi ya kasia na ya kuvuta nyavu imekuwa ikienda na wimbo tangu zamani. Ila chagua wimbo wa polepole. Wimbo wa harusi utawafanya wakimbize makasia kabla hawajajifunza kuyaingiza.

Wakati fulani nilikuwa na vijana wawili wa kidato cha nne, wana wa wavuvi, ambao wangeweza kuubeba mtumbwi wakiwa peke yao. Kila mtu alitarajia wakae mbele. Mbele nilimweka msichana mwembamba wa kidato cha pili, mwanakwaya, ambaye hakuwahi kupiga kasia kabla ya mwaka ule. Mkono wake ulikuwa unatua majini kwa kipimo kilekile, mtumbwi ukiwa mwepesi au mzito, upepo ukiwa mbele au nyuma. Wale vijana wawili niliwaweka katikati, mahali ambapo uzito na nguvu vinafaa zaidi. Siku za mwanzo walinuna. Baadaye walikuwa wa kwanza kumuulizia kama amekuja, kabla hawajashusha mtumbwi.

Wanafunzi waliotazama Olimpiki kwenye televisheni watakuuliza kwa nini sisi tunatazama mbele ilhali wale wanatazama nyuma. Wape jibu kamili, kwa maana ni mchezo unaofanana na wetu na wanaweza kuufikia siku moja. Katika mchezo ule kasia limeshikizwa kwenye chombo, mpiga kasia amekaa kwenye kiti kinachoteleza, na sehemu kubwa ya nguvu inatoka miguuni: anasukuma kwa miguu, anafuatisha mgongo, anamalizia kwa mikono. Kwa kuwa wote wameelekea nyuma, anayeweka mwendo hukaa tezini, na katika chombo cha watu wanane yupo nahodha anayewaonea njia. Katika chombo hicho cha watu wanane, wanaume wa kiwango cha juu humaliza mita 2000 katika muda usiofika dakika 6. Lakini hata kwao kosa la anayeanza ni lilelile la kukimbilia kuvuta kabla bapa halijazama, na dawa yake ni ileile.

Wasichana wako wasiishie kushika majaketi ufukweni. Mbio za mitumbwi za Balimi zilizokuwa zikifanyika hapa ziwani zilikuwa na timu za wanawake, na wapo majirani zetu waliofika mbali zaidi: Kathleen Noble aliiwakilisha Uganda katika kupiga makasia kwenye Olimpiki ya Tokyo na baadaye ya Paris, na Asiya Mohamed wa Kenya, ambaye hana miguu, alishiriki Paralimpiki ya Tokyo katika mchezo huo huo. Ukiwataja watu hawa mbele ya wasichana wa kidato cha kwanza, uwataje kwa uzito wanaostahili, kisha uwape kasia.

Mikono itatoka malengelenge katika wiki za mwanzo. Yaoshwe kwa maji safi na sabuni, yasitumbuliwe wala kumenywa ngozi, na aliyepasukiwa apumzike mpaka kidonda kikauke, kwa kuwa maji ya ziwa si salama kwa kidonda kibichi. Wengi huumia kwa sababu wanaukamata mpini kwa nguvu mno. Vidole vinatosha kuushika kama ndoano, na kiganja kipumzike bapa linapokuwa hewani.

Mwisho ni mashindano. Usiwapeleke mapema, na ukiwapeleka, chagua umbali mfupi. Mita 500 zinatosha kwa timu mpya, kwa kuwa katika umbali huo wanaweza kushikilia mwendo waliojifunza bila uchovu kuwarudisha kwenye mazoea ya kuvuta kwa mikono. Wafundishe kuanza kwa mipigo mitatu mifupi ya kuuondoa mtumbwi mahali ulipo, kisha warefushe, na nahodha asipaze sauti ya kuongeza kasi mpaka zimebaki mita 100. Timu nyingine zitawapita mwanzoni, hasa zile zenye vijana wakubwa. Waambie mapema kwamba hilo litatokea, na kwamba macho yabaki kwenye bega la aliye mbele.