Sauti isimame chumbani kama kinyago, inawezekana?

SWALI: Mimi ni mchezaji dansi, naandaa onyesho kwenye chumba kitupu cha mita 6 kwa 5, kuta za tofali, hapa Dar. Nataka sauti iwe kama kitu kimesimama pale na watu wanakizunguka. Nimeweka spika kila kona, nimepandisha volyumu lakini naona ni kelele tu. Nakosea wapi?

JIBU: Dada, shusha volyumu kwanza, halafu zima spika tatu. Ukimwaga sauti kila pembe chumba kinajaa tu, hakuna umbo, maana umbo linakuja pale mtu akisogea hatua moja anasikia kitu kimebadilika au kimepotea. Kwahiyo achana na muziki wa vyombo vingi, chukua toni moja tupu ya besi, zipo programu za bure za simu zinatoa, na wufa moja, yaani spika ya besi, uibane konani.

Sasa hesabu. Kwa joto la Dar sauti inakimbia kama mita 350 kwa sekunde, gawa kwa urefu wa chumba mara mbili, yaani 350 kwa 12, unapata kama Hz 29, yaani mitetemo 29 kwa sekunde, ndo toni ya chini kabisa inayoenea kwenye urefu huo, ila wufa nyingi za mtaani hazifiki huko chini kwahiyo zidisha kwa 3, inakuja 87 na nusu. Wimbi likigonga ukuta linarudi, linakutana na linalokuja, sehemu nyingine yanajazana na nyingine yanauana. Kwa toni hiyo, ukitembea ule urefu wa mita 6, besi inazama karibu na mita 1, 3 na 5, inajaa mita 2 na 4 na kwenye kuta zenyewe. Haitakuwa kimya kabisa, madirisha na paa vinavuruga, so panda Hz moja moja kuanzia 84 mpaka 91 huku mtu anatembea taratibu, likitokea shimo kali piga chaki sakafuni, hapo ndo pa kuchezea. Mapazia usihangaike nayo, besi hii hayaizuii.

Dream House, chumba cha sauti na mwanga cha wasanii La Monte Young na Marian Zazeela kule New York, inatumia mambo hayahaya, toni zinalia bila kukatika na ukigeuza kichwa tu unasikia kingine.

Ila besi haikuonyeshi ukuta uko wapi. Kwa hilo tafuta kazi ya mtunzi Alvin Lucier, inaitwa Vespers, ya 1968: wachezaji wamefungwa macho, kila mmoja ana kifaa cha milio mifupi mikali na anatafuta njia kwa mwangwi kama popo. Wewe vijiti viwili vya mbao vinatosha, gonga ukielekea tofali halafu gonga ukielekea mlango ulio wazi, usikie tofauti.

Viti toa vyote, aliyekaa hapati kitu. Na pima tena mlango na madirisha yakiwa vilevile yatakavyokuwa usiku wa onyesho.