Sili wanakufa kwa maelfu halafu kirusi kinapotea, kinaenda wapi?

Mkuu umeuliza mbona sili (mamalia wa baharini wanaokula samaki) wa Bahari ya Kaskazini kule Ulaya walikufa kwa maelfu 1988, kukatulia, halafu ikaja tena 2002, na kirusi muda wote huo kilikuwa wapi. 2002 nilikuwa najitolea kwenye kituo cha kutibu sili pwani ya Uholanzi, nakujibu kwa niliyoyaona.

Hiki kirusi kinaitwa distempa ya sili (PDV), ni ndugu wa kirusi cha surua na cha sotoka ya ng'ombe, na tabia ya ukoo ni ile ile, kinaingia kwenye chembe nyeupe za damu kinazimaliza, mwili unabaki hauna kinga, basi bakteria ambao walikuwa wanakaa puani bila shida wanashuka mapafuni na hao ndo wanaoua wengi. Sili wanaletwa wana makamasi mazito, macho yamejaa matongotongo, wanahema haraka haraka. Wengine shingo imevimba, ukiibonyeza inatatarika chini ya vidole, hiyo ni hewa imevuja kwenye mapafu ikapita chini ya ngozi, na sili wa hivyo hawezi kuzama kutafuta samaki, anaelea tu hadi njaa inamkuta. Antibayotiki tulikuwa tunawapa kwa ajili ya bakteria, kirusi chenyewe hakina dawa, unabaki kusubiri mwili upambane na kusubiri kule kunaumiza jamani.

Sasa kilienda wapi. Waliopona 1988 walibaki na kingamwili, yaani protini za damu zinazokizuia kirusi, kirusi kikakosa wa kuambukiza pale. Ila watoto wanazaliwa kila mwaka, kinga ya mama haikai, na baada ya miaka 14 wengi kwenye kundi hawajawahi kukutana nacho. Mara zote mbili maiti za kwanza zilionekana kisiwa cha Anholt, Denmark, na wanaoshukiwa kukipeleka ni sili wa kijivu, maana wanaambukizwa lakini wanakufa wachache sana. 1988 walikufa zaidi ya 18,000, 2002 kama 30,000.

Kuhusu sumu za viwandani ambazo wengine wanazilaumu, hapo mi nasema zinachangia ila sio chanzo. Watafiti Uholanzi waliwalisha sili samaki heringi wa Bahari ya Baltiki wenye PCB nyingi (kemikali za sumu za viwandani) na wengine heringi wa Atlantiki, wale wa Baltiki seli zao za kinga zikawa dhaifu kabisa. Lakini kundi lisilo na kingamwili kirusi hiki kitalipiga hata kwenye maji masafi, kwa hiyo kila mwaka wapimwe damu sili wazima, hasa wadogo, ijulikane wangapi wana kingamwili kabla maiti hazijaanza kuonekana ufukweni.